Wazazi Zermatt, michango Nairobi: pesa ya hoteli itoke lini, na itokee wapi?

Tuseme wazazi wenu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Mko ndugu wanne. Mmoja ameandika kwenye kundi la familia, "Tuwapeleke mahali penye theluji," mwingine akaweka picha ya mlima wenye ncha kama jino, na kabla jioni haijaisha mmekubaliana: siku tano Zermatt, nchini Uswisi, hoteli ya nyota tano. Kifungua mimba amechaguliwa mweka hazina, kwa sababu anaaminika na simu yake haizimwi ovyo. Kuanzia kesho yake michango inaanza kuingia.

Somo la leo ni la huyo mweka hazina. Bei ya chumba ataiona kwenye tovuti ya hoteli, hiyo si kazi. Asichokiona hapo ni ratiba ya pesa yenyewe: ipi inatoka leo, ipi itavutwa baadaye bila yeye kuulizwa tena, ipi itashikiliwa tu kisha irudi, na ipi ikitoka hairudi. Akizichanganya hizo nne, safari inaweza kuharibika hata kama mchango ulitimia.

Kwanza mjue mnaenda wapi

Zermatt ni kijiji cha milima ya Alpi, jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi karibu na mpaka wa Italia. Kiko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo kwa mtu wa Nairobi kijiji chenyewe hakimsumbui pumzi. Wenyeji huongea Kijerumani, lakini hotelini Kiingereza kinatosha kabisa. Mlima wa kwenye picha ni Matterhorn, mita 4,478. (Ndiyo, Point Lenana yetu, mita 4,985, inaupita. Wakumbusheni wenyeji kwa heshima.) Watu walifika kileleni mara ya kwanza tarehe 14 Julai 1865, wakiongozwa na Mwingereza Edward Whymper. Walikuwa saba, na wanne walikufa wakati wa kushuka. Habari hiyo ilienea Ulaya nzima na kuongeza umaarufu wa kijiji. Hoteli zilikuwa zimeshaanza: Alexander Seiler alikuwa akilaza wageni pale tangu miaka ya 1850.

Magari ya petroli na dizeli ya watalii hayaingii Zermatt. Ukija na gari unaliacha Täsch, kilomita kama tano chini, unapanda treni ya dakika 12. Ukitoka uwanja wa ndege wa Zürich unakwenda kwa treni muda wa saa tatu na nusu hivi, Geneva karibu saa nne, na pande zote mbili mnabadilisha treni mji wa Visp. Kituoni mnapokelewa na vigari vya umeme vya hoteli, na hoteli kubwa mbili tatu hutuma hata gari la kukokotwa na farasi. Mama atafurahi. Ila lazima hoteli ijue treni inafika saa ngapi, na muulize mapema kama kuchukuliwa kituoni kumo ndani ya bei.

Nauli za treni ziwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo, maana Uswisi nauli ni ghali. Kuna kadi ya nusu nauli kwa wageni, inayotumika mwezi mmoja, inayokupunguzia nusu ya bei kwenye treni nyingi na pia ile ya kupanda Gornergrat. Piga hesabu kama inalipa kwa safari zenu. Kwa watu wanaotoka Zürich hadi Zermatt na kurudi, kisha wakapanda mlima, mara nyingi inalipa.

Wakati wa kwenda unabadilisha bei kuliko kitu kingine chochote. Krismasi hadi mwaka mpya, Februari, halafu Julai na Agosti, bei ziko juu na hoteli zinakuwa kali kuhusu kughairi. Mei, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Novemba, hoteli nyingi hufungwa kabisa. Ushauri wangu kwa wazazi wasioteleza kwenye theluji ni Juni au Septemba: njia za kutembea ziko wazi, bei imeshuka kidogo, na theluji bado ipo kule juu mwaka mzima, kwenye barafu ya kituo cha kebo cha Klein Matterhorn, mita 3,883. Lakini kama baba ana presha, aongee na daktari wake kabla ya kupanda huko. Gornergrat, mita 3,089, inafikiwa kwa treni ya umeme iliyoanza mwaka 1898, na urefu wake unakaribia ule wa Met Station kwa wanaopandia Mlima Kenya upande wa Naro Moru. Watu wengi huvumilia huko vizuri.

Hesabu ya mfano

Tuchukue chumba cha faranga 750 kwa usiku, na faranga moja tuihesabu shilingi 160. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka za siku yako. Usiku tano ni faranga 3,750, yaani shilingi 600,000.

Hapo hapo mweka hazina anagonga ukuta wa kwanza. Akaunti ya pesa ya simu nchini Kenya haishiki zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauzidi 250,000. Kadi ya mtandaoni inayovuta salio la simu haiwezi kupita mipaka hiyo. Sasa mchango ukishafika 500,000 simu inakataa kupokea, na ndugu wa mwisho anaanza kulalamika kwenye kundi kwamba "pesa yangu imerudi." Haijapotea. Imekosa nafasi.

Kwa hivyo pesa isingoje yote ikusanyike simuni. Ikifika kiasi fulani, ihamishie akaunti ya benki au ya akiba ambayo huigusi kwa mambo mengine, na kila mchango uwe na jina la mtoaji. Hilo la majina lina faida nyingine: wazazi wakiomba viza, na wewe ndiye mdhamini, taarifa ya akaunti yenye pesa nyingi zilizoingia ghafla bila maelezo inaleta maswali. Yenye majina manne yanayojirudia kila mwezi inajieleza.

Mkakati mwingine ni kuiomba hoteli igawe malipo. Tuseme wanataka asilimia 30 mwanzoni: faranga 1,125, shilingi 180,000. Hiyo inapita kwenye simu bila shida. Inabaki 420,000, ambayo haipiti kwa mkupuo mmoja. Ulizeni kama mnaweza kulipa mara mbili, au iende kwa benki. Hoteli za daraja hili zimezoea maswali kama hayo na hujibu kwa adabu. Anayenyamaza ndiye anayekwama.

Kisha kuna faranga chache za kodi ya wageni, kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, ambazo mara nyingi hulipwa mkitoka. Si kitu cha kuwanyima usingizi, lakini wazazi waambiwe ili wasidhani wanaibiwa.

Na kiwango cha kubadilisha pesa kinasogea. Faranga ikitoka 160 hadi 168 kabla hamjamaliza kulipa, zile 3,750 zimeongezeka shilingi 30,000. Wekeni akiba ya asilimia kumi juu ya hesabu. Kama haikutumika, itarudi kwa wenyewe.

Viza kwanza, bei isiyorudishwa baadaye

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo soma polepole.

Kwenye tovuti utaona chumba kile kile kwa bei mbili. Moja ni 750 na unaweza kughairi bure hadi tarehe fulani. Nyingine ni 675, unalipa sasa, na ukishalipa hakuna kurudi. Tofauti kwa usiku tano ni faranga 375, shilingi 60,000. Inavutia! Katika familia yoyote kutakuwa na mtu atakayesema tuchukue hiyo ya bei nafuu.

Mkenya anahitaji viza ya Schengen kuingia Uswisi. Ombi linataka uthibitisho wa mahali mtakapolala, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na ada ya euro 90 kwa mtu mzima, ambayo hairudishwi mkikataliwa. Mnaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida huja ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Maana yake ni kwamba chumba kinatangulia viza. Ukilipa ile bei isiyorudishwa, umeweka shilingi 540,000 mezani kabla hujajua kama wazazi wataruhusiwa kusafiri, ili kuokoa 60,000. Mimi nisingefanya hivyo hata kwa wazazi wenye pasipoti iliyojaa mihuri.

Utaratibu salama ni huu. Chukua chumba kinachoghairika, chenye majina ya wazazi kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Omba viza mapema. Angalia tarehe ya mwisho ya kughairi iko wapi ukilinganisha na siku jibu litakapotoka. Kama jibu linaweza kuchelewa kuipita, iandikie hoteli uulize kama wanakubali kusogeza tarehe kwa sababu ya viza. Wakikubali, jibu liwe la maandishi. Viza ikitoka, ndipo mnamaliza kulipa.

Wakati unaandika hiyo barua, ongeza jambo dogo. Waambie wathibitishe kwamba chumba kinatazama Matterhorn, kwa jina. "Mwonekano wa mlima" peke yake inaweza kuwa mlima wowote, na Zermatt imezungukwa na milima pande zote. Je, inafaa kulipia nyongeza hiyo? Kwa vijana watakaoshinda nje, sioni haja. Kwa wazazi watakaokaa kwenye baraza na chai wakitazama, ndiyo, lipeni. Muulize pia bei ya kifungua kinywa pamoja na chakula cha jioni. Mkahawani kijijini bili ya watu wawili inapanda haraka, na wazazi wakiona namba zile watakula supu tu siku tano.

Kadi ya simu ina tabia zake

Kadi ya mtandaoni ni nzuri kwa malipo ya mara moja: unaitengeneza, unalipa, unaifunga. Hoteli inafanya kazi tofauti. Inachukua namba ya kadi leo kama dhamana, na inavuta pesa baadaye, siku inayotaka yenyewe kulingana na masharti. Kama siku hiyo salio ni sifuri, au kadi umeshaifunga, malipo yanakataliwa. Utapata barua pepe ikikupa muda mfupi kuleta kadi nyingine, na usipoiona, chumba kinaachiliwa. Fikiria iwe ni wiki mbili kabla ya safari, na wazazi wameshaaga kanisani.

Kwa hivyo soma masharti utafute tarehe ya kuvuta pesa, iweke kwenye kalenda ya simu, na hakikisha salio lipo siku mbili kabla. Kadi iliyotumika kuweka chumba usiifunge mpaka safari iishe na hesabu zote zifungwe. Hata pesa ikirudishwa, inarudi kwenye kadi ile ile ilikotoka.

Ukuta wa pili uko mapokezi. Wazazi wakifika, wataombwa kadi tena, hata kama chumba kimelipwa chote. Hoteli inataka kushikilia kiasi fulani kwa ajili ya vinywaji, simu, masaji na kadhalika. Tuseme faranga 150 kwa usiku: 750, shilingi 120,000. Hoteli nyingi zinataka kadi halisi ya kushikika, yenye jina la mgeni aliyesimama pale. Kadi iliyo ndani ya simu ya binti aliye Nairobi haiwasaidii. Kwa hiyo moja kati ya mawili: baba apewe kadi ya benki yenye jina lake na pesa ya kutosha, au mweka hazina aiombe hoteli mapema fomu ya kudhamini gharama za mgeni mwingine, akiandika kiwango cha mwisho anachokubali. Hilo la pili linahitaji mazungumzo na mzee, kwa lugha ya nyumbani: "Baba, vitu vya kwenye friji ya chumbani vina bei yake. Maji ya bomba ni salama kunywa."

Mfahamishe pia kwamba pesa ikishikiliwa, salio linashuka papo hapo. Haijaibwa na haijalipwa. Siku ya kutoka, hoteli inatoza kilichotumika kweli, tuseme shilingi 45,000, na ile 120,000 inaachiliwa. Lakini kuachiliwa si lazima kutokee siku hiyo hiyo. Kwa siku kadhaa, na kwa baadhi ya benki hata wiki, zote mbili zinaweza kuwa nje ya salio: 165,000. Kama ndiyo pesa waliyotegemea kununulia tiketi za treni ya kurudi Zürich, wamekwama kituoni. Tiketi zinunuliwe kabla.

Ujumbe unaokuharakisha

Kwa sababu hoteli kweli huandika kadi inapokataliwa, matapeli wanaiga barua hiyo hiyo. Inakuja na jina la hoteli, tarehe zenu sahihi, na linki: thibitisha kadi ndani ya saa 24 la sivyo chumba kinaghairiwa. Wakati mwingine inapitia ndani ya mfumo ule ule mliotumia kuweka chumba, kwa sababu akaunti ya hoteli imedukuliwa. Hata mtu makini anaweza kuamini.

Usibonyeze linki. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uangalie hali ya chumba, kisha pigia hoteli simu kwa nambari iliyo kwenye tovuti yao, si ile iliyo kwenye ujumbe. Uswisi iko nyuma yetu saa moja majira ya kiangazi na saa mbili majira ya baridi, kwa hivyo asubuhi ya Nairobi subiri kidogo.

Ukilipa kwa benki, itazame namba ya akaunti. IBAN ya Uswisi huanza na CH na ina herufi na tarakimu 21 kwa jumla. Hoteli ya Zermatt ikikutumia akaunti ya nchi nyingine kwa barua pepe ya ghafla inayosema "tumebadilisha benki," simama, piga simu. Na kama kawaida, PIN yako na namba ya siri inayokuja kwa SMS haziulizwi na hoteli, wala na sisi, wala na ndugu yako yeyote hata kama ndiye aliyechanga zaidi.

Wazazi wakiwa huko

Laini ya simu ya Kenya iende nao, ikiwa imewashwa huduma ya kutumika nje ya nchi kabla ya kupanda ndege, kwa sababu namba za siri za benki zitakuja kwenye laini hiyo. Adapta ya umeme pia: soketi ya Uswisi haipokei plagi yetu ya miguu mitatu minene, na simu ikizima hakuna malipo.

Mashine ya kadi dukani au mkahawani inaweza kuuliza, ulipe kwa faranga au kwa shilingi? Shilingi inaonekana rafiki kwa sababu unaielewa. Chagua faranga. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayebadilisha, kwa kiwango chake na faida yake ndani. Ukichagua faranga, kiwango ni cha mtandao wa kadi pamoja na ada ya aliyekupa kadi, na hiyo unaweza kuijua kabla ya safari. Mfundishe mama atambue herufi CHF kwenye kioo. Huduma imo tayari ndani ya bei mkahawani. Akitaka kuongeza kidogo kwa aliyemhudumia vizuri, ni hiari yake.

Siku ya kuondoka waombe bili iliyochapishwa na waipige picha, waitume kwenye kundi kabla ya kupanda kigari cha kwenda kituoni, wakati bado kuna mtu wa kuuliza. Mweka hazina aweke alama kwenye kalenda, siku 14 baadaye. Siku hiyo atazame salio. Ikiwa pesa iliyoshikiliwa bado haijarudi, awapigie waliotoa kadi akiwa na bili hiyo mkononi. Kama hoteli ilishaiachilia, wao ndio wanaoweza kuona imekwama wapi. Ikirudi, na ile akiba ya kiwango cha faranga ikajumlishwa, agawanye kwa nne, atume, na aweke picha ya miamala yote minne kwenye kundi.